Povu Likipanda Tangini, Dawa Ije Mwisho

Sipendi mazoea ya kumiminia dawa ya povu tangi la kuchachushia, yaani la kukuzia bakteria, kila linapofura. Povu likigusa kihisi, pampu inawaka yenyewe, mafuta ya silikoni, ndiyo dawa yenyewe, yanashuka, povu linanywea, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Baada ya muda kipimo cha oksijeni kinaporomoka, mwendeshaji anaongeza hewa, povu linarudi na hasira zaidi. Dawa tena!

Maji ni bahili wa oksijeni. Kwenye nyuzi 30, yakipulizwa hewa ya kawaida, hushika miligramu 7 au 8 tu kwa lita, na bakteria waliosongamana huweza kuimaliza kwa chini ya dakika moja. Basi oksijeni lazima iingie mfululizo, nayo hupitia kwenye uso wa viputo. Ndiyo maana kikorogeo huvivunjavunja: hewa ileile ikigawanyika viputo vidogo hupata eneo kubwa zaidi la kugusana na maji. Dawa ya povu hufanya kinyume, huviunganisha. Juu ya kimiminika tunalitaka hilo. Ndani yake ni hasara, kwa sababu viputo vinene hupaa haraka na kutoka na oksijeni yao. Na dawa haichagui pa kufanyia kazi.

Simaanishi povu liachwe lijiendee. Likifika kwenye chujio la hewa inayotoka hulilowesha, shinikizo hupanda, na chujio bichi ni njia nzuri ya vijidudu vya nje kuingia. Seli zinazobebwa na povu hadi ukutani nazo haziongezi mavuno.

Ila kwanza nitauliza hewa inapita kiasi gani. Wengi kila dakika hupuliza hewa yenye ujazo sawa na wa kimiminika, kwa mazoea tu. Ipunguze, kisha ichanganye na oksijeni halisi. Hewa ina asilimia 21 tu, kwa hiyo gesi kidogo itabeba mzigo uleule. (Ni ghali, na huchochea moto, usiifanyie mzaha.) Au pandisha shinikizo la tangi: likiongezeka maradufu, oksijeni inayoweza kuyeyuka nayo huongezeka maradufu. Hapo angalia kaboni dioksidi, maana nayo itabaki kwa wingi.

Halafu tazama povu limekuja lini. La mapema mara nyingi hutokana na protini za chakula chenyewe cha bakteria. Linalozuka ghafla mwishoni hunitia shaka zaidi: huenda seli zinapasuka na kumwaga protini zake. Hapo ukimimina dawa unaficha dalili tu, na silikoni hiyo itakusubiri baadaye kwenye utando wa kuchujia mavuno.

Pampu ya dawa nisingeiondoa. Ningeiwekea kikomo, itoe matone machache kisha isubiri, na kila mililita iandikwe kwenye daftari la zamu pembeni ya kipimo cha oksijeni.