Enki, shujaa asiyeshika upanga

Yakitajwa masimulizi ya kale ya Mesopotamia, anayetangulizwa ni Gilgamesh, mfalme wa Uruk aliyemuua Humbaba, zimwi lililolinda msitu wa mierezi. Sifa zake anazistahili. Lakini kwangu mimi shujaa hasa ni Enki, mungu wa maji matamu ya chini ya ardhi, mwenye hekalu lake Eridu, kusini mwa Iraki ya leo. Wababeli walimwita Ea.

Kisa cha Atrahasis, kilichoandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, kinatosha kumjua. Kabla ya binadamu kuwapo, miungu wadogo ndio waliochimba mifereji. Walipochoka walichoma majembe na vikapu, wakaizingira usiku nyumba ya mkuu wao, Enlil. Mgomo mtupu! Suluhisho likawa kumwumba mtu: mungu mmoja akachinjwa, damu na nyama yake zikakandwa na udongo, na kiumbe kipya akatwikwa ile kazi. Watu wakazaliana, kelele zao zikamnyima Enlil usingizi, naye akaazimia kuwapunguza.

Ikaja tauni. Enki akamshauri Atrahasis, binadamu aliyemwabudu: watu waache kuiabudu miungu mingine yote, mikate na sadaka wapeleke kwenye mlango wa Namtara peke yake, huyo anayeleta maradhi. Namtara akaona haya kwa ukarimu ule, akaondoa mkono wake. Ukaja ukame, na Adad, mwenye mvua, akalainishwa kwa njia hiyohiyo. Sehemu hii naipenda kuliko vita vyote vya Gilgamesh. Wanyonge hawana silaha, lakini wameonyeshwa yupi kati ya wakubwa bado ana aibu, na mlango wake uko wapi.

Enlil alipoamua gharika, aliwafunga wenzake kwa kiapo wasiwaambie watu. Enki akaenda kuzungumza na ukuta wa matete: ewe ukuta, nisikilize, bomoa nyumba, jenga chombo. Atrahasis alikuwa upande wa pili, akasikia, akaokoka. Kuna watakaouita ujanja, mimi nauita uaminifu kwa watu waliokwisha kuhukumiwa kufa kwa sababu ya kelele. Maji yalifurika siku 7, usiku na mchana, na miungu walionyimwa sadaka wakashikwa na njaa na kiu. Atrahasis alipotoa sadaka ya kwanza, walikusanyika juu yake kama nzi.

Katika utenzi wa Gilgamesh, kibao cha 11, panaposimuliwa tena gharika, Ea anamkabili Enlil waziwazi: mkosaji abebe kosa lake, kwa nini kuwaangamiza wote? Simba, mbwamwitu au njaa wangetosha kuwapunguza watu. Mungu anamsomea mungu mkuu hoja ya haki, tena baada ya maafa, wakati wengi hukaa kimya.

Sitaficha linaloniuma. Katika Atrahasis, amani ya mwisho ina bei: Enki na mungu mama Nintu wanaweka utaratibu kwamba baadhi ya wanawake watakuwa tasa, na jini Pashittu atawapokonya wengine watoto wao wachanga mapajani. Ni masharti makali, na waliobebeshwa ni kina mama ambao hawakumkosea mtu. Hata hivyo, bado namchagua Enki. Enlil alitaka asibaki mtu hata mmoja, na katika baraza lile lote, ni yeye aliyethubutu kutafuta njia wabaki.