Historia ya atomu skulini: ifundishwe au irukwe?

Walimu wa kemia, wa Unguja kwa wa Pemba, wakikutana hoja hii haikosi: kuna haja gani ya kumpitisha mwanafunzi kwa wanasayansi wa zamani, Dalton, Thomson, Rutherford na Bohr, ilhali picha zao zote za atomu zimeshapitwa?

Wanaotaka irukwe wana hoja nzito. Vipindi ni vichache, mtihani uko mlangoni, na mtoto anachoghibu ni majina na miaka tu: Thomson 1897, Rutherford 1911, Bohr 1913. Tena ile michoro ya sodiamu ubaoni, duara ndani ya duara, elektroni 2, 8, 1, humganda kichwani. Anamaliza skuli akiamini elektroni huzunguka kiini kama sayari, wakati tangu miaka ya 1920 wanafizikia wanazungumzia uwezekano tu wa kuipata mahali fulani.

Kasoro hiyo naikubali. Dawa yake siikubali, kwa sababu kinachokosekana darasani ni ushahidi. Manchester, Uingereza, mwaka 1909, Geiger na Marsden, waliofanya kazi chini ya Rutherford, walikaa gizani wakichungulia kwa hadubini, wakihesabu kimweko kimoja kimoja kila chembe ya alfa (chembe ndogo yenye chaji chanya) ilipogonga kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe hizo zilirushwa kwenye bamba la dhahabu jembamba mno. Takriban zote zilipenya. Chache sana zilirudi nyuma, na kwa picha ya Thomson, ya chaji chanya iliyotandaa atomu nzima, hata hizo chache hazikutarajiwa. Rutherford ilimchukua hadi 1911 kutamka kwamba karibu uzito wote umejikusanya katika kiini kidogo sana.

Muulize mwanafunzi angetarajia nini kabla hujamwambia matokeo, uone anavyokuna kichwa. Jaribio lenyewe hatuwezi kulifanya skulini, lakini kulifikiria hakuhitaji maabara.

Kwa hiyo Dalton apewe dakika chache, dhahabu ipewe vipindi viwili. Bohr abaki, ila mtoto aambiwe siku hiyo hiyo kwamba hesabu zake ziliieleza mistari ya rangi katika mwanga wa haidrojeni, zikakwama kwa heliamu.

Mzigo mkubwa zaidi naona uko kwa watunga mitihani. Maadamu swali ni "nani aligundua kiini?", mwalimu wa Wete au Makunduchi atafundisha majina, na siwezi kumlaumu. Watunga mitihani hao na waulize "kwa nini baadhi ya chembe zilirudi?"