Msiizike Video Kabla ya Kuipima

Ngamiani hapa Tanga maduka ya kuhariri video na kuzigeuza, yaani kuzitoa aina moja ya faili kwenda nyingine, hayahesabiki, na kazi yao naiheshimu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Lakini ipo hukumu inayotolewa haraka mno madukani kwetu: "Mama, faili hili limekufa. Piga fomati kadi, uanze upya." Naipinga. Video ikikataa kugeuzwa huwa na sababu, na nyingi ya sababu hizo zinafahamika na zinatibika. Kinachoiua ni ile fomati.

Tuanze na lililo jepesi. Mtu analeta faili ambalo jina lake linaishia .mp4. Kwenye simu linacheza vizuri, kompyuta ya dukani inalikataa. Fundi asiye na subira anafuta herufi za mwisho, anaandika .avi, anajaribu tena. Haisaidii. MP4 ni chupa tu, na chupa ya soda ukiitia mafuta ya taa haiyageuzi kuwa soda. Ndani yake panaweza kuwa na picha zilizobanwa kwa H.264, mtindo wa mwaka 2003 unaofahamika karibu na kila mashine, au H.265 ya mwaka 2013, ambayo programu nyingi kongwe haziijui kabisa. iPhone zilianza kurekodi kwa H.265 ilipotoka iOS 11 mwaka 2017, na simu nyingi za Android zina chaguo hilohilo. Basi harusi inapigwa kwa simu ya jana, duka lina programu ya miaka kumi na ushei, na lawama zote anatupiwa mwenye faili.

Fungua video kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, bonyeza Ctrl pamoja na J, usome. Kodeki ya picha, yaani mtindo uliotumika kuibana, imeandikwa pale, ya sauti imeandikwa pale. Naona ni kosa la kikazi kumpa mteja jibu lolote kabla ya kusoma ukurasa ule.

Mara nyingine picha haina neno, sauti ndiyo yenye ukaidi. Kamera nyingi za Canon za zamani zilirekodi MOV, chupa nyingine kama MP4, yenye picha za H.264 na sauti isiyobanwa, na programu kadhaa zikiambiwa ziihamishie sauti hiyo kwenye MP4 zinasimama. Hapo hakuna haja ya kugeuza saa tatu za harusi upya na kuchosha picha. Ukiwa na FFmpeg, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, unaandika hivi:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v copy -c:a aac harusi.mp4

Picha zinahama kama zilivyo, sauti peke yake ndiyo inayogeuzwa. Kazi ya usiku kucha inakwisha kabla chai haijapoa, na ubora wa picha haupungui hata kidogo.

Kuna na ile ya kugeuza kwenda vizuri, halafu kila mara kukatika palepale. Tazama faili jipya limefikia ukubwa gani. Likiwa limegota GB 4, iache video, kamata flashi: imepigwa fomati ya FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi hapo. Hifadhi kwenye diski ya kompyuta kwanza. Na flashi za mezani zilizoandikwa GB 128 kwa bei ya kutupa, zipime kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kabla hujazitia harusi ya mtu. Nyingi ni ndogo kuliko zinavyojitaja. Zinapokea mafaili bila kulalamika, na ukienda kuyafungua hakuna kitu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma hasa, maana ndilo linalozikisha video nyingi zilizo hai.

Kamera inaporekodi MP4, picha na sauti zinaandikwa kwenye kadi kidogo kidogo. Faharasa, yaani ile orodha inayoeleza kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, iko wapi na icheze wakati gani, kwa kawaida huandikwa mwisho, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata roho kabla, au mtu akichomoa kadi kwa pupa, picha zinabaki ndani lakini hakuna wa kuonyesha zilipo. FFmpeg itakwambia "moov atom not found", yaani faharasa haikuonekana. Programu nyingine zitasema tu kwamba faili haliwezi kufunguka, na hapo ndipo watu wanapotangaza msiba.

Alinijia binti mmoja kutoka Makorora. "Shikamoo fundi." Marahaba. Akaweka kadi mezani kwa mikono miwili. Maulidi ya nyumbani kwao, bibi yake akiwaombea dua wajukuu, na bibi hakumaliza mwaka. Betri ilizimika katikati ya shughuli. Alikotoka ameambiwa limekufa. Nikatazama: urefu wa video sifuri, ukubwa GB 3 na zaidi. GB 3 za nini, kama ndani hamna kitu?

Nikamuuliza, "Mwanangu, kamera iliyopiga hii iko wapi?" Akampigia mjomba wake, akaja nayo. Tukaiweka kwenye mpangilio uleule wa siku ile, tukarekodi feni ya dukani ikizunguka kwa dakika kadhaa, tukaizima kwa utaratibu. Faili lile la feni ndilo lililokuwa dawa. Programu ya Untrunc, nayo ni ya bure, inasoma faili zima lililotoka kwenye kamera hiyohiyo, inajifunza mpangilio wake, kisha inaliundia lililoharibika faharasa mpya. Mwisho wa shughuli ulipotea, lakini bibi alitokea, anauvuta mtandio mbele, anaanza na Bismillahi. Mjomba alitoka nje. Binti akaniomba nirudishe mwanzo.

Dawa hii haifanyi kazi kila mara, na sitaki mtu aahidiwe asichopata. Lakini kadi ile ingepigwa fomati na kurekodiwa shughuli nyingine juu yake, hakuna fundi Tanga wala Dar es Salaam ambaye angemrudisha bibi yule.

Neno langu jingine ni kuhusu tovuti za kugeuza video bure. Zinakula bando kupanda na kushuka, na nyingi zinakataa mafaili makubwa, lakini hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba sisi huku tunarekodi singo, shughuli ya wanawake ya kumwandaa bi harusi. Akina mama wamevua mabuibui, wako peke yao, wanacheza kwa raha zao. Mama aliyekubali kurekodiwa pale aliyakubali macho ya ndugu na shoga zake. Kumpakia kwenye mashine ya mtu asiyejulikana, katika nchi isiyojulikana, eti kwa kuwa kompyuta ya dukani imekataa faili, ni kuvunja amana, na fundi anayefanya hivyo bila kuomba ruhusa asipewe kazi. FFmpeg na HandBrake, programu nyingine ya bure ya kugeuza video, zinafanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta iliyopo mbele yako, mlango umefungwa.

Na wapiga video tuelewane: faili la awali ni la familia. Msilifute kwenye kadi mpaka wenyewe wamekaa, wametazama nakala yao mwanzo hadi mwisho na sauti wameisikia. Sauti nasisitiza, kwa sababu video za simu hubadili kasi ya fremu zenyewe, na zikihaririwa bila kuwekwa kwenye kasi moja, midomo na maneno huachana taratibu. Dakika ya kwanza huoni, ya arobaini inakera.

Kadi ikikataa, acha kurekodi juu yake papo hapo. Itoe, sukuma kile kijitufe cha pembeni, kama kadi inacho, kiwe upande wa kufunga ili kisiandikwe kitu, nakili kila kilichomo kwenye kompyuta, na majaribio yote uyafanyie kwenye nakala. Faili likionyesha ukubwa sifuri, PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, inaweza kuchimba kilichobaki kwenye kadi, ilimradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Na unapolipeleka kwa fundi faili lililokatika na betri, nenda na kamera yenyewe, au video nyingine nzima iliyopigwa na kamera hiyo kwa mpangilio uleule.