Ramani ya zamani ni shahidi tu: maoni yangu kuhusu majina ya vilima vya Wales

Juu ya bonde la Cwm Idwal, kaskazini mwa Wales, kuna bonde dogo limening'inia ubavuni mwa mlima Glyder Fawr, na wapanda miamba wa Kiingereza walishalizoea kuliita bonde lisilo na jina, wengine mpaka leo wanaliita hivyo. Jina linalo. Linaitwa Cwm Cneifion, na cneifion ni manyoya ya kondoo yaliyokatwa, yaani jina lenyewe linakuambia hapa walikuwa wanafika watu na kondoo zao. Kila nikipita pale roho inaniuma, maana hakuna aliyelipoteza hilo jina, ni watu hawakuuliza tu.

Mi nimeishi huku miaka kadhaa sasa, wikendi napanda milima, usiku nafungua laptopu naangalia ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, taasisi ya taifa ya ramani ya Uingereza, na za Wales zimo humo, unaweka ya karne ya 19 juu ya picha ya setilaiti, unavuta kidole, moja inafifia nyingine inatokea. Ukianza saa mbili usiku unashtukia saa saba.

Ila kuna kitu nakiona kwa wenzangu wapenda milima na naomba nikiseme. Mtu akikuta ramani ya zamani ina jina tofauti na la sasa, hapo hapo anatangaza kwamba hili ndo jina halisi, la leo limekosewa. Jamani, uzee wa maandishi peke yake hautoshi. Ungekuwa unatosha basi Snowdon, jina la Kiingereza la mlima mrefu kuliko yote Wales, ingekuwa na kesi nzito dhidi ya Yr Wyddfa, jina lake la Kiwelshi, maana hilo la Kiingereza limo kwenye kumbukumbu za kale za Waingereza za mwaka 1095, jeshi la mfalme William Rufus lilipoingia huko. Lakini watu waliokuwa wanaamka kila asubuhi chini ya ule mlima walikuwa na jina lao kwa Kiwelshi, na Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya huko ilipoamua kutumia Yr Wyddfa, na Eryri badala ya Snowdonia kwa eneo zima, mi nilifurahi kweli. Mwandishi wa 1095 aliandika alichokiita yeye na watu wake. Swali langu kwa kila ramani ni hilo hilo: nani aliuliza, akamuuliza nani, na jina lilikuwa la sehemu gani hasa?

Chukua hao Ordnance Survey. Taasisi imeanza 1791 ikiwa ya kijeshi, Uingereza ikiiogopa Ufaransa, na wapimaji wengi waliotumwa Wales hawakuwa wanajua Kiwelshi. Baadaye wakawa na utaratibu mzuri tu, kila jina linaandikwa kwenye daftari pamoja na watu waliolithibitisha. Tatizo ni watu gani. Maagizo yao ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalisema waulizwe watu wa heshima, wenye ardhi, makasisi, walimu, na kwamba wakulima wadogo si wa kutegemewa, hata kwa jina la mahali wanapoishi wenyewe! Mi nimekulia kwa wakulima, niliposoma hapo nilifunga laptopu kwanza. Yaani mtu anayepanda kile kilima mvua na theluji kutafuta kondoo wake haaminiki, anaaminika bwana mkubwa anayekiona kutoka dirishani. Afu madaftari yenyewe ya Wales na England mengi yakaungua Southampton mwaka 1940 kwenye mabomu ya Wajerumani, kwa hiyo leo jina tunalo, aliyelisema hatumjui.

Kosa kubwa zaidi la sisi wasomaji wa ramani ni mahali jina lilipoandikwa. Ukikuza ile ramani ya Ordnance Survey ya inchi sita kwa maili unaona herufi zimetandazwa ubavuni, sio kileleni, na mara nyingi ni jina la malisho, hasa likianza na Ffridd, ambayo ni malisho ya mlimani yaliyozungushiwa ukuta. Halafu mtu wa karne hii anayetengeneza orodha ya vilele anakosa jina la kilele chake, anachukua lililo karibu, basi malisho ya mtu yamegeuka kilima. Hapo ndo napenda sana ramani za zaka, yaani za malipo ya ardhi kwa kanisa, zile zilizotokana na sheria ya 1836, zipo Maktaba ya Taifa ya Wales kule Aberystwyth na zote unazisoma mtandaoni. Zilikuwa za kutoza hela, kwa hiyo zinajali kipande ni cha nani, vipande vingi vina jina, na kila kimoja kina mwenye mali na anayekilima, unaweza kuona kabisa hili jina ni la uwanja wa nani. Kilele chenyewe mara nyingi kimeachwa kitupu, hakukuwa na cha kutoza huko juu.

Halafu kuna lugha yenyewe. Sisi ubao ukiwa zaidi ya mmoja unakuwa mbao na hatushangai, Kiwelshi nacho kinabadilisha herufi ya mwanzo kwa sababu zake. Moel, kilima kipara, ukitanguliza y inakuwa Y Foel. Carnedd, rundo la mawe, inakuwa Y Garnedd. Cadair, kiti, inakuwa y gadair, ndo maana kilele cha mlima Cadair Idris kinaitwa Penygadair. Asiyejua hili anakuta Moel ramani moja na Foel nyingine anadhani kagundua majina mawili. Na hiyo Cadair watu wanagombana kila siku kama iwe Cader, mi naona Cader ya ramani za zamani iheshimiwe kwa sababu ndivyo midomo ya pale inavyotamka, ila kusema Cadair ni kosa la wapimaji au la serikali hapo mtu anazidisha, ni neno lile lile kwa tahajia sanifu.

Na majina mapya je? Mlima Carnedd Uchaf ulipewa jina la Carnedd Gwenllian mwaka 2009, kumkumbuka Gwenllian, binti wa mtawala wa Wales Llywelyn ap Gruffudd, aliyechukuliwa akiwa mchanga akafungiwa kwenye nyumba ya watawa huko Lincolnshire mpaka alipokufa 1337. Naliunga mkono, mlima wenye jina la Llywelyn, Carnedd Llewelyn, uko pale pale jirani. Nachoomba ni yaandikwe yote mawili, msomaji wa miaka 100 ijayo asije akadhani la 2009 ndo la tangu enzi. Tunaotoka Afrika Mashariki tunajua jina jipya linavyofunika la zamani, mlima mrefu kuliko yote Rwenzori unaitwa Stanley tangu Mtaliano Duke wa Abruzzi alivyoamua 1906, na huyo Stanley mpelelezi mwenyewe kazaliwa Denbigh, Wales hii hii, akiitwa John Rowlands.

Mwaka jana nilikutana na mzee mmoja anafunga geti la kondoo, nikamuonyesha kwenye simu jina la kilima kilichokuwa mbele yetu. Akanyoosha fimbo yake chini kabisa, karibu na mto, akasema hilo ni la kule. Kilima akakitaja kwa jina ambalo sijalikuta kwenye ramani yoyote mpaka leo, akanirudia mara tatu nilipate vizuri, nikaandika na tarehe. Nikamuuliza kama wote hapa wanaliita hivyo. Akasema upande huu ndiyo, wa ng'ambo ya pili wana lao.

Jumamosi hii naenda ng'ambo ya pili.