Kishikwambi Kilichonisema Mbele ya Darasa

Mambo yote yalianzia kwenye saini. Siku tuliyogawiwa vishikwambi, yaani tableti, mwalimu mkuu alitandaza daftari mezani, kila mmoja akaandika jina, cheki namba (namba ya mtumishi) na namba ya kifaa, kisha akatia saini. Halafu akasema, kwa ile sauti anayowawekea wazazi wasiolipa mchango wa uji: "Jamani, hii ni mali ya serikali. Ukivunja au ukipoteza, tutaongea lugha nyingine."

Mimi nimebakiza miaka saba nistaafu. Lugha nyingine ya serikali naielewa vizuri sana. Inaitwa makato.

Basi nikakishika. Jina lenyewe, kishikwambi, limebeba kushika ndani yake, mimi nikalitii jina. Wenzangu walivibeba kwa vidole viwili kama kisahani cha kitumbua. Mimi nilikidaka pande zote mbili, vidole vimekaza, kama mtu aliyepanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi na sinia la mandazi. Nyumbani mwanangu wa mwisho akanitazama wee, akasema, "Mama, hicho si usukani." Nikamwambia anyamaze, yeye hakusaini popote.

Kwa asiyejua, ni vile vishikwambi vya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Makarani walizunguka navyo nchi nzima, wakahesabu watu 61,741,120, wakauliza kila kaya inapikia nini, inapata maji wapi na ina choo cha aina gani. Kazi ilipokwisha, vikaletwa kwetu walimu. Hiyo habari ya choo naitaja makusudi. Kifaa kilichozoea kuingia ndani ya mambo ya watu, tabia hiyo hakiiachi kwa sababu tu kimehamishiwa wizara nyingine.

Mafunzo tulifanyia ofisini, siku ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), mchana, ekstensheni moja walimu kumi na tisa. Mwalimu wa Hisabati, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, ndiye aliyetufundisha. Alianza kwa adabu: "Shikamooni. Leo tutajifunza kuwasha, kuzima, na kutelezesha kidole." Kutelezesha ndiko kulikonishinda. Miaka yote mkono wangu umezoea chaki na ubao, na ubao ukiugusa kiuvivu hauandiki. Nilikuwa nabonyeza skrini kama ninayepima embe sokoni limeiva au bado. Kijana ananiambia, "Taratibu Madam, kiguse tu." Nikigusa, hakiendi. Nikikandamiza, kinaleta kitu kingine kabisa. Mwenzangu wa Uraia alikuwa analamba kidole kila anapotaka kufungua ukurasa, kama anahesabu noti. Mpaka jioni nilikuwa nimeweza kupakua kitabu kutoka Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na nimepiga picha sitini na mbili za dari bila kukusudia.

Kuna jambo lazima niliungame hapa, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mwanangu aliniwekea WhatsApp kwenye hicho kishikwambi, eti nisipitwe na matangazo ya kundi la walimu. Nikakubali. Kumbe kundi la walimu haliji peke yake. Linakuja na ndugu wa kijijini, kamati ya harusi, kikoba, na Mama Vitenge.

Siku ya siku ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu, Darasa la Nne. Watoto 112, na somo ni sehemu za ua. Nje, kwenye ua wa shule (ndiyo, ua lingine hilo, Kiswahili hakina huruma), kuna mahibiskasi mekundu yamechanua mpaka yanachungulia dirishani. Mtu mwenye akili angechuma moja. Lakini andalio la somo nilikuwa nimeshaliandika, na mbele ya neno "zana" nimeandika "kishikwambi", tena kwa kalamu nyekundu, kwa sababu tuliambiwa Afisa Elimu Kata anakuja.

Akaja kweli. Akakaa dawati la nyuma, magoti yamefika kidevuni, daftari mkononi.

Nikafungua picha ya ua. Watoto 112 na skrini yenye ukubwa wa kitabu cha dini, unafanyaje? Nikakinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama yule mwamuzi wa akiba anayeonyesha namba ya mchezaji anayetoka, nikaanza kuzunguka nacho mstari kwa mstari. Na kwa kuwa kilikuwa juu, na sakafu ni ya saruji, na saini yangu iko kwa mwalimu mkuu, nilikikaza kuliko siku zote.

Kikatetemeka mkononi. Nikakishusha. Kuna kibao cha Kiingereza kimejitokeza juu ya ua langu. Mwalimu wa Hisabati alishatuambia, ukikwama tafuta neno la kukubali ubonyeze. Nikabonyeza.

Mwanamke akaanza kuongea.

Sauti ya Kizungu, safi, haina haraka, kama yule anayetangaza ndege. Darasa zima kimya. Mtoto mmoja wa dirishani akasema taratibu, "Kuna mzungu ndani."

Nikagusa skrini kumnyamazisha. Hapo ndipo nilipomchokoza. Kila nilipogusa, mraba wa kijani unazunguka kile nilichogusa, na mama yule anakitaja jina, kisha anamalizia na maneno yaleyale: "Dabo-tapu tu aktiveti." Gusa kamera: kamera, dabo-tapu tu aktiveti. Gusa saa: anakusomea saa, dabo-tapu tu aktiveti. Nikajaribu kutelezesha kama nilivyofundishwa, na siku hiyo nilitelezesha vizuri kweli, mwalimu wangu angejivunia. Mraba ukaruka kwenda pembeni, mama akasoma kilichopo pembeni.

Afisa akaandika kitu.

Ndipo msichana wa dawati la mbele, yule ambaye kila darasa hupewa mmoja na Mungu, akanyanyua mkono mpaka akasimama nao. "Mwalimu! Mwalimu! Tap ni bomba! Double ni mara mbili! Anasema mabomba mawili!"

Sikuwa na la kubisha. Kiingereza chao kinafundishwa vizuri. Kabla sijafikiri, kiranja ameshatoka mbio. Shule yetu ina mabomba mawili kweli, moja bovu tangu kabla ya masika, na lingine maji hutoka likijisikia. Jumanne hiyo likajisikia. Tukasikia "Yanatoka!" na nusu ya darasa ikakumbuka kwamba ina kiu. Ndoo zikagongana. Maji yakaanza kupita mlangoni yakielekea kwenye mitaro, na mimi bado nimesimama na kishikwambi, na mama wa Kizungu bado anasisitiza mabomba mawili.

"Mwalimu," Afisa akauliza kutoka nyuma, "hii ni sehemu ya somo?"

"Mmea unahitaji maji," nikamjibu. Mpaka leo najipongeza kwa hilo.

Na pengine ningepona, kama Mama Vitenge angekuwa na subira. Huyu mama ananikopesha vitenge tangu tukiwa wasichana, na hajawahi kunidai hadharani. Yeye huandika ujumbe, kistaarabu. Ujumbe ukaingia. Kengele ikalia, na mzungu wangu, ambaye hakuna kitu kinachompita, akausoma.

Sasa elewa kwamba yule mama Kiswahili hajui. Anakisoma kama kilivyoandikwa, kwa Kiingereza. Nilisikia hivi:

"Mama Vai-tenji. Mwa-laimu, vai-tenji vayako bado fiftini thauzandi, sleshi, ikwozi. Laini yuta-malaiza, oo nimu-ambai myumi wako."

Kwa sekunde mbili nilidhani nimeokoka. Nani atamwelewa huyu? Lakini watoto wa Dar es Salaam wanaelewa kila kitu isipokuwa unachowafundisha. Midomo ikaanza kutembea. Mmoja anajaribu neno la kwanza, mwingine anamsaidia la pili, kama kitendawili. "Vitenge... vyako..." Dawati la tatu likafika kwenye fiftini thauzandi kabla ya wengine. Na kule nyuma kabisa, mjukuu wa Mama Vitenge mwenyewe, maana dunia ndogo na kata ndogo zaidi, akasimama na kutafsiri yote kwa sauti ya kusoma risala: "Mwalimu, vitenge vyako bado elfu kumi na tano. Lini utamaliza, au nimwambie mume wako?"

Afisa aliinamia daftari lake, mabega yanacheza.

Nikaenda mezani kukiweka chini kifaa kile. Mikono imelowa jasho, meza ya mwalimu mguu mmoja mfupi. Kikateleza. Nakuapia, hukumu ya siku ya mwisho nimeshaiona, ina umbo la mstatili na inaelekea sakafuni. Nikakidaka karibu na goti, nikakibana kwa mikono miwili kifuani, nimefumba macho, natetemeka, naomba dua fupifupi zote ninazozijua. Zikapita sekunde tatu, labda nne.

"Toki-beki ofu," akasema mama. Hakusema tena.

Nikafumbua macho. Ua langu limerudi kwenye skrini, petali zote mahali pake. Afisa Elimu amesimama, ananiangalia kwa heshima mpya.

"Madam, umekizimaje?"

"Kwa utulivu," nikasema.

Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyenifumbulia fumbo mchana ule ofisini, baada ya kucheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. Kitu hicho kinaitwa TalkBack, kimewekwa kwa ajili ya watu wasioona. Ukishikilia vitufe viwili vya sauti, vile vya ubavuni, kwa sekunde kama tatu, kinawaka. Ukivishikilia tena hivyohivyo, kinazimika. Kikiwaka, kugusa mara moja ni kuuliza tu hapa pana nini. Ukitaka kufungua unagusa mara mbili harakaharaka, na ukitaka kutelezesha ukurasa unatumia vidole viwili. Wanafunzi wasioona, kama wale wanaosoma shule ya Uhuru Mchanganyiko, kwao ni jambo jema kabisa. Nikamuuliza, kwa hiyo mzungu alikuwa ananieleza cha kufanya muda wote ule? "Kila mara, Madam. Dabo-tapu, gusa mara mbili." Na mimi nimefungua bomba.

Akakichukua kishikwambi, akanionyesha vile vitufe viwili. Vilikuwa chini ya vidole vyangu hasahasa, pale ninapokibana tangu siku ya saini. Woga ndio uliomwasha yule mama, na woga huohuo ndio uliomzima.

Afisa katika taarifa yake aliandika kwamba somo lilikuwa shirikishi. Sina ubishi nalo.

Kesho yake nilipoingia Darasa la Nne, watoto wakasimama wote, "Shikamoo mwalimuuu," wamenyooka kama askari. Adabu iliyozidi ile nikajua ina jambo. Nikageukia ubao. Kwenye kona ya juu, pale tunapoandika tarehe na idadi ya waliohudhuria, kuna mtu ameandika kwa mwandiko mzuri tu: 15,000/=.

Sikuuliza ni nani. Nikafuta, nikafundisha sehemu za ua kwa kutumia hibiskasi. Jioni nikapita kwa Mama Vitenge kimyakimya, nikampa elfu saba, tukanywa chai, tukazungumza mengine kabisa. Mjukuu wake alikuwa barazani anamenya karanga, hakuinua hata macho. Nikasema huyu mtoto amelelewa.

Asubuhi nikaingia darasani, nikatazama kona ya juu ya ubao. 8,000/=.

Kutoa kwa kukopa ni mada inayowasumbua sana darasa lile, muhula mzima nimepiga kelele. Safari hii jibu lilikuwa sahihi. Nikachukua chaki, nikaiwekea vema.