Akisema ndiyo msikimbilie kuandika amekiri

Jamani, watu wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza tangu utotoni kwamba ukikubali anachosema mkubwa, unaachwa kwa amani, hugombezwi wala huchekwi. Sasa mchukue mtu huyo umuweke peke yake chumba cha mahojiano, maaskari mbele yake, maswali masaa na masaa. Atasema ndiyo. Na hiyo ndiyo inaenda mahakamani kama ushahidi mzito, mi inaniuma sana.

Angalieni ya Earl Washington, mtu mwenye ulemavu huu kule Virginia, Marekani. 1983 alikamatwa kwa kosa lingine kabisa, wakaanza kumuuliza kuhusu kesi nyingine nae akawa anakubali tu, hii ndiyo, na ile ndiyo, mpaka wakafika kwenye mauaji ya mama mmoja yaliyotokea mwaka uliopita. Marehemu alikuwa mweusi au mweupe? Akasema mweusi, wakati alikuwa mweupe. Akasema alimchoma kisu mara chache tu, mwili ulikuwa na majeraha 38! Yaani hata kama hujasoma sheria unaona kabisa huyu hakuwepo, lakini wakawa wanamrekebisha mpaka majibu yakakaa sawa, akahukumiwa kifo, na 1985 zilibaki siku 9 tu wamuue. Mawakili wakafanikiwa kusimamisha, na miaka ya baadaye kipimo cha DNA ndo kilimsafisha, akasamehewa 2000, akatoka gerezani 2001.

Najua Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku 2002 kuwaua watu wenye ulemavu huu, ni vizuri, ila hapo mtu kashahukumiwa. Shida iko kule mwanzo kabisa, kituoni.

Uingereza tangu sheria yao ya 1984 askari akitaka kumhoji mtu mwenye ulemavu huu anatakiwa amuite mtu mzima, ndugu au mlezi au afisa ustawi, asiwe polisi, akae nae wakati wa mahojiano. Mi nadhani kila nchi ingefanya hivyo. Ila hata hiyo inategemea askari ashtuke kwamba huyu ana ulemavu, na wengi wanaficha kwa sababu wanaona aibu, ukimuuliza umeelewa atakwambia nimeelewa afande. Kwahiyo usimuulize kaelewa, mwambie akueleze kwa maneno yake haki ya kukaa kimya ni nini. Akikwambia ni kutopiga kelele, badala ya kwamba halazimiki kujibu maswali, funga hilo daftari ukamtafute ndugu yake kwanza.