Kashata ya Shilingi Mia Nane

Anayesema vitu vya kutengeneza nyumbani ni nafuu, huyo hajawahi kutumwa iliki. Mimi nimetumwa. Shule zimefungwa mwezi huu wa sita, watoto watatu wako nyumbani hapa Tabata asubuhi mpaka usiku, na mama watoto ametangaza kwamba safari hii hakuna mtu kukodolea macho televisheni. Safari hii tunatengeneza. Tunatengeneza nini? Kila kitu. Kashata, ubuyu, barafu, magari, vishada, na kumbukumbu. Hizo kumbukumbu ndizo zinazonimaliza, maana bei yake haijabandikwa popote.

Zamani likizo ilikuwa kitu cha kueleweka. Shule ikifungwa unapakiwa kwenye basi la mkoani, unakabidhiwa kwa konda, unateremshwa kwa bibi. Bibi hakuwa na ratiba ya michezo ya ubunifu. Bibi alikuwa na jembe. Ukirudi mjini mwezi wa saba visigino vimekomaa na ugali wa mama yako unauona wa sherehe. Leo hii bibi mwenyewe nikimpigia kumwomba awapokee wajukuu, ananiambia wiki hii ana kikao cha vikoba, na wiki ijayo pia.

Basi, kashata. Karanga kilo moja, zikaangwe, zipepetwe maganda. Sukari iyeyuke kwenye sufuria mpaka igeuke rangi ya kahawia, utie iliki, utie karanga, ukoroge, umimine kwenye sinia lililopakwa mafuta, halafu ukate upesi kabla haijakauka. Hilo neno "upesi" mama watoto alilirudia kwa sauti ya jeshi. Lakini nyumba yenye watoto watatu na kisu kimoja haina upesi. Walipomaliza kugombania nani akate mstari wa kwanza, kashata na sinia vilishakuwa mwili mmoja, na hakuna wa kuvitenganisha isipokuwa mchi. Nikaitwa mimi na mchi. Jirani akachungulia dirishani kuuliza kama tunabomoa ukuta.

Usiku nikakaa na simu nikapiga hesabu. Sukari, karanga, iliki, gesi, ukiongeza na karanga zilizoliwa kabla hazijafika jikoni, ambazo kwa makadirio yangu ni nusu. Kila kipande kimetusimamia shilingi mia nane. Kwa Mangi pale kona kashata ni mia, imekaa kwenye kopo lake, haijavunja sinia la mtu. Nikamwonyesha mama watoto. Akaniangalia, akasema, "Ya Mangi haina upendo." Haya. Mia ya kashata, mia saba ya upendo.

Ubuyu sitausema sana kwa sababu bado tunausugua. Ubuyu unataka sukari (tena!), unga wa ubuyu wenyewe, vanila, na ile rangi nyekundu ambayo ikishaingia nyumbani haiondoki. Mwiko mwekundu, ukuta mwekundu, ulimi wa kitindamimba mwekundu mpaka mwalimu wake wa madrasa akauliza kama mtoto anaumwa. Shati langu la kazini likatoka kwenye beseni na kola nyekundu. Ofisini wakanipokea kwa vigelegele: "Karibu Msimbazi, kwa Simba wekundu!" Mimi! Mwananchi wa Jangwani, Yanga tangu tumboni mwa mama yangu!

Barafu za ukwaju nazo zina vituko vyake. Ukwaju ukaloweshwa, ukachujwa, ukatiwa sukari (nimeacha kulalamika kuhusu sukari, najipumzisha), ukafungwa kwenye vifuko, ukaingia kwenye friji. Kila baada ya dakika moja mlango wa friji unafunguliwa kuangalia kama zimeganda. Haziwezi kuganda kwa sababu zinaangaliwa. Mimi nasikiliza mita ya umeme huko ukutani inavyolia, na ile ikishaanza kulia kwangu ni kama inaita jina langu. Zilipoganda hatimaye, yule wa kati, binti wa miaka minane, akafungua biashara barazani. Nikapita kutoka kazini nimechoka, jua la Buguruni limenikausha koo, nikachukua barafu moja.

"Baba, mia mbili."

Nikamweleza kwa upole kwamba ukwaju ni wangu, sukari ni yangu, friji ni langu, umeme ni wangu, na yeye mwenyewe kwa kiasi fulani ni wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua daftari, akaandika: "Baba, deni."

Kwenye kazi za mikono ndiko nilikopata hasara zisizo na risiti. Shemeji yangu, dada yake mama watoto, ana kipaji cha kutuma video. Unaona mama mmoja ana kucha ndefu, anakata trei la boksi la mayai, anapaka rangi, dakika moja tu limekuwa kobe, kiwavi, na taji la malkia. Watoto wakataka. Sasa sisi mayai tunanunua mawili mawili kwa Mangi, yanakuja yameshikwa mkononi. Trei tutalitoa wapi? Tukanunua trei zima, mayai 30, ili tupate boksi. Juma zima tukala mayai: ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kuvurugwa, chipsi mayai, na wali uliofukiwa mayai ndani kwa siri. Kobe alitengenezwa. Alikaa mezani usiku mmoja, asubuhi mtu akamkalia.

Mkubwa, wa miaka kumi na moja, yeye hataki mambo ya kobe. Anatengeneza gari la waya. Hapo kidogo nikafurahi, nikasema damu yangu hiyo, mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa magari ya waya mtaa mzima. Nilisahau kujiuliza matairi anatoa wapi. Asubuhi naingia bafuni navaa ndala, naona kisigino kinagusa sakafu. Natazama: ndala ina matundu mawili ya mviringo, safi kabisa, yamekatwa kwa ustadi. Ya pili vilevile. Gari liko uani linatembea vizuri sana, linakata kona, na matairi yake ni ya rangi ya samawati ambayo naifahamu. Nilitaka kukasirika ila kwa haki ya Mungu lile gari ni zuri. Nikaomba nilisukume kidogo.

Vishada nisivisemee vibaya, maana kipindi hiki upepo wa kusi unapiga haswa na kishada cha maana kinapaa mpaka nguzo za umeme. Lakini mbavu za kishada ni njiti za chelewa, na chelewa Tabata hazioti, zinakaa kwenye ufagio. Uwanja sasa haufagiliwi. Gundi yake ni uji mzito wa sembe. Mkia wake ni utepe uliochanwa kwenye kanga, na kanga yenyewe ilikuwa doti ambayo mama watoto alipewa kwenye harusi. Siku hiyo nilifurahi kuona kwamba hasara inaweza pia kumpata mtu mwingine. Nikampa pole. Nikamwambia cha dukani kisingekuwa na upendo. Chakula cha usiku kilichelewa.

Mitoko sasa. Ukitoka na watoto watatu mjini, mkono unaishi mfukoni. Shemeji anatutumia picha za kisiwa cha Mbudya, boti, maji ya kijani, samaki mzima kwenye sahani. Mimi nikatafuta bahari ya saizi yangu nikaipata: pantoni ya Kigamboni. Mtu mzima shilingi mia mbili, unapanda Magogoni, upepo unakupiga, unaona meli kubwa zinaingia bandarini, unafika ng'ambo, unageuka unarudi. Watoto wakapiga kelele za furaha kana kwamba tumevuka kwenda Bombay. Mama watoto peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia pembeni, pale kati ya mwenye baiskeli ya matenga na mama wa ndoo za samaki, akaniuliza, "Hii ndiyo ile safari ya majini uliyoniahidi?" Nikamwambia maji si hayo hapo.

Kufika huko kwenyewe nilitumia akili. Niliwavalisha watoto sare za shule, maana mwanafunzi kwenye daladala analipa mia mbili. Konda akawatazama kuanzia soksi mpaka kola. "Mzee, shule zimefungwa." Nikamjibu wanakwenda tuisheni. Kitindamimba, ambaye ana koleo la mchanga mkononi na boya shingoni, akamwambia konda, "Tunakwenda kuogelea." Nikalipa nauli nzima ya wote watatu, na abiria wakanicheka mpaka Posta.

Kijiji cha Makumbusho nilikwenda nao kwa ajili ya elimu. Pale kuna nyumba za makabila tangu mwaka 1966, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikawaonyesha msonge wa Wahaya, nikawaonyesha tembe la Wagogo, nikaeleza paa lile la udongo lilivyo bapa na kwa nini. Nimepandisha sauti, hata wageni wengine wakasogea kusikiliza. Yule binti wa miaka minane akanyoosha mkono.

"Baba, wewe ulikuwa unakaa kwenye ipi?"

Yaliyobaki kwenye ratiba, ambayo imebandikwa mlangoni mwa friji kwa gundi ya sembe, ni Sabasaba na treni ya umeme kwenda Morogoro. Sabasaba nimeshaikubali, mtu hakwepi Sabasaba akiwa na watoto Dar. Ila treni nimeikalia usiku na simu yangu. Tiketi ya kawaida 13,000 kwa mtu mzima. Watoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili nusu, yaani 6,500 kila mmoja. Chini ya miaka minne, bure. Wakubwa wawili, watoto watatu, kwenda na kurudi: 91,000, hapo bado hujanunua hata ndizi ya Morogoro. Lakini kitindamimba akiwa na miaka mitatu, tunarudi kwenye 78,000. Na kitindamimba ni mfupi, ukimtazama kwa haraka anakubali.

Jana jioni nikamwita pembeni, mama yake asisikie. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukiulizwa stesheni una miaka mingapi, utasema mingapi?"

"Mitano!"

"Sema mitatu."

Akanyamaza akifikiri, akaangalia kule barazani dada yake anakouzia barafu, kisha akanisogelea sikioni. "Nikisema mitatu, unanilipa shilingi ngapi? Au nikuandikie deni?"